Fulana za "Tumefika"

Kisa hiki hakina majina ya watu kwa sababu ni cha kutunga. Vya kweli ni barabara, mlima, jua na baridi. Nakisimulia kwa ajili ya vikundi vyote ambavyo, kiangazi kikiingia, huanza kuchangishana ili kupanda mlima na kurudi siku hiyo hiyo.

Mjini Iringa kulikuwa na kikoba chenye wanachama kumi na wanne: wafanyabiashara wa sokoni, walimu wawili, fundi magari, na mama mmoja mwenye mgahawa ambaye ndiye aliyekuwa mhazini. Walipovunja kikoba na kugawana, wakabakiza fungu la kutembea. Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akapendekeza Mlima Rungwe, kule Mbeya, sikukuu ya Nane Nane. Katibu akafungua group la WhatsApp. Kamati ikaundwa, maana kwetu hata kipaimara kina kamati.

Kamati ilikaa vikao vitatu. Cha kwanza kilijadili fulana. Cha pili kilijadili nyama choma na nani atakuja na spika. Cha tatu kilirudi kwenye fulana, kwa kuwa wajumbe walikuwa wamegombana juu ya rangi. Zikachapishwa za kijani, kifuani zimeandikwa kwa herufi kubwa: TUMEFIKA KILELENI, RUNGWE. Ratiba yenyewe ilimalizwa kwa dakika kumi, watu wakiwa wamesimama: kuondoka Iringa saa kumi alfajiri, kufika Isongole, chini ya mlima, saa nne asubuhi, kileleni saa nane mchana, chini saa kumi na moja jioni, kulala Mbeya mjini. Dereva hakuulizwa. Mama Mhazini akauliza, "Na tukichelewa je?" Mwenyekiti akacheka: "Mama, hayo tutayaona mbele kwa mbele."

Kwa mazoezi, Jumapili mbili mfululizo walipanda jiwe la Gangilonga. Fundi magari, kijana mwenye kifua na anayekwenda gym, alifika juu wa kwanza mara zote mbili, akapiga picha na mji wote ukiwa chini yake. Kila mtu akaamini kwamba kama kuna mtu wa kuwahangaisha mlimani, basi ni Mama Mhazini.

Siku ikafika. Coaster iliondoka saa kumi na moja na nusu, kwa sababu aliyebeba nyama alichelewa. Mafinga wakaongeza mafuta. Makambako wakashuka kunywa chai na supu. Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na trafiki wana tochi za kupimia mwendo, kwa hiyo dereva alitembea kwa adabu, na bado alisimamishwa mara mbili. Baada ya Igurusi, kwenye vilima vya Inyala, wakajikuta nyuma ya malori ya Tunduma yanayopanda kwa mwendo wa kinyonga. Uyole nayo ilikuwa imefurika, maana viwanja vya John Mwakangale, yanakofanyika maonyesho ya wakulima ya Nyanda za Juu Kusini, viko hapo hapo, na wao walikuwa wamechagua siku ya kilele. Walipokata kushoto kuelekea Tukuyu, spika ilikuwa imenyamaza. Isongole walifika saa saba kasoro robo mchana. Mpaka vibali vikamilike na watu wabadili viatu, ilikuwa saa saba na nusu.

Kikundi kilikuwa kimelipia mwongozaji mmoja kwa watu wote kumi na wanne, ili kubana matumizi. Alikuwa kijana wa hapo hapo, mpole wa maneno. Alitazama saa, akatazama wingu, akamwendea Mwenyekiti. "Mzee, kwa muda huu Rungwe hatuwezi kufika tukarudi na mwanga. Kupanda ni saa nne mpaka tano, kushuka ni tatu, na kwa kundi kubwa ongeza. Naomba niwapeleke Ngosi, mlango wake uko barabara hii hii. Mtaliona ziwa lake na mtatoka msituni mapema. Au mlale, kesho tuanze alfajiri."

Hapo ndipo safari ilipoamuliwa, ingawa hakuna aliyeamua. Mwenyekiti aliwatazama wanachama, wanachama wakamtazama Mwenyekiti. Katibu akasema gari limelipiwa siku mbili tu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Sasa na hizi fulana?" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Wanyalukolo hatushindwi." Wakaanza kutembea.

Njia ya Rungwe hupita kwenye msitu mnene, wenye matope na mizizi inayoteleza. Ni katika msitu huu mwaka 2003 watafiti walipomtambua kipunji, kima ambaye wawindaji wa huko walikuwa na jina lake muda mrefu kabla ya sayansi kumfahamu. Msitu ulioweza kumficha kima huyo mpaka karne ya ishirini na moja unaweza kumficha binadamu aliye hatua kumi kutoka njiani. Baada ya saa moja kundi lilikuwa limekatika vipande vitatu. Mwongozaji alikimbia mbele na kurudi nyuma hadi akahema yeye.

Saa kumi na nusu, kwenye mianzi, Mama Mhazini akaketi juu ya gogo. "Mimi naishia hapa. Miguu hii ndiyo itakayonirudisha mgahawani." Wengine wanne wakakaa naye kwa shukrani. Mwongozaji akaona nafasi, akamwambia Mwenyekiti kwamba sasa wageuke wote. Mwenyekiti akajibu bila ukali, kama mtu anayedai bidhaa aliyokwisha lipia: "Kijana, tumekulipa utufikishe." Kwa mila zetu, mdogo hambishii mkubwa mbele ya watu. "Sawa mzee," akasema. Akawakabidhi wale watano kwa kijana wa kijijini aliyekuwa amebeba maji, wakashuka. Yeye akaendelea na tisa.

Walifika kileleni saa kumi na moja na dakika arobaini. Hakukuwa na kitu cha kuona. Ukungu ulikuwa umefunika pande zote. Lakini fulana zilikuwepo. Wakavua masweta na majaketi ili maandishi yaonekane, wakapiga picha, wakarekodi video, wakarudia video kwa sababu mmoja alifumba macho. Fundi magari hakuwa na cha kuvua. Sweta lake aliliacha kwenye gari tangu mchana, na fulana yake ya pamba ilikuwa imelowa jasho kama iliyotolewa kwenye beseni. Nusu saa baadaye manyunyu yakaanza.

Kushuka kulianza vizuri. Kisha giza likaingia chini ya miti, na simu zilizokuwa zimerekodi video zikaanza kuzima moja moja. Fundi magari alikuwa akitetemeka na kutania. Baadaye akaanza kujikwaa mahali ambapo hata Mwenyekiti hakujikwaa. Baadaye tena akawa anaongea maneno yasiyoshikana, na alipoacha kutetemeka wenzake wakafurahi, wakidhani amepata nafuu. Akaketi njiani, akasema anataka alale kidogo tu. Mmoja akatoa konyagi mfukoni. Mwongozaji akamshika mkono: "Hapana, kaka. Hiyo itamuua."

Waliokolewa na yule mama waliyedhani atawachelewesha. Alifika kijijini saa moja jioni, akahesabu saa, na ilipotimia saa mbili bila kuwasikia, hakusubiri kikao. Aligonga nyumba ya kwanza. Wanaume saba walipanda na tochi, mablanketi na chupa mbili za chai ya moto. Waliwakuta saa nne usiku. Walimvua kijana fulana, wakamvika nguo kavu, wakamfunga blanketi pamoja na mtu mwenye joto, wakamteremsha kwa machela ya miti. Saa saba usiku alikuwa hospitalini. Alipona.

Wiki iliyofuata kikaitishwa kikao cha tathmini. Katibu alisema alidhani Mwenyekiti ameamua. Mwenyekiti alisema alidhani wanachama wanataka. Wanachama walisema walidhani mwongozaji angekataa kama kungekuwa na hatari kweli. Muhtasari ukaandikwa: "Ajali haina kinga. Tunamshukuru Mungu." Kikao kikafungwa kwa sala.

Kumshukuru Mungu ni haki. Lakini sentensi ya kwanza ya muhtasari ule ni ya uongo, na uongo huo ndio utakaorudisha kikundi kingine mlimani kwa ratiba ile ile. Kinga zilikuwepo, tena nyingi. Tuzitazame.

Ya kwanza ni hesabu ya jua. Kamati ilihesabu kuanzia alfajiri kwenda mbele, kama vile kila saa itatii. Safari ya mlima huhesabiwa kutoka jioni kurudi nyuma. Mbeya mwezi wa nane jua huzama karibu saa kumi na mbili na robo tatu. Kwetu karibu na ikweta jua hutumbukia wima. Kutoka kuzama mpaka mwanga wa kutembea uishe ni kama nusu saa tu, na chini ya miti giza hutangulia. Jiwekee akiba ya saa moja na robo: uwe umetoka msituni saa kumi na moja na nusu. Kushuka ni saa tatu, kwa hiyo kuondoka kileleni ni saa nane na nusu. Kupanda ni saa tano kwa kundi lenye watu wa kila umri, kwa hiyo mwisho wa kuanza ni saa tatu na nusu asubuhi, na busara ni kuanza saa kumi na mbili. Baada ya hesabu hiyo, hakuna haja ya kubishana kama Coaster inaweza kutoka Iringa na kuwahi. Siku ya kupanda huanza kwa kulala Mbeya au Tukuyu usiku uliotangulia.

Ya pili ni anga. Mkazi wa Iringa mjini hutazama mbingu ya Agosti, akaona bluu tupu, akadhani Nyanda za Juu Kusini zote zina kiangazi kimoja. Iringa mjini imejificha nyuma ya milima ya Udzungwa, inayokamata mvua inayotoka baharini kabla haijafika. Rungwe iko mbele ya Ziwa Nyasa. Upepo wa kusini-mashariki hubeba unyevu wa ziwa, hugonga mlima, hupanda, hupoa na kugeuka ukungu na mvua. Ndiyo maana sehemu zenye mvua nyingi za mlima huo hupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka, na ndiyo maana migomba, chai na viazi vya Tukuyu vimestawi. Kiangazi cha Rungwe ni kupungua kwa mvua, hakimaanishi kukauka.

Majirani zetu wa Kenya wamelipia somo la kusoma anga kwa bei kubwa zaidi. Kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kikundi cha kanisa Aprili 2012, na mwaka 2019, mwanzoni mwa Septemba, yakaua watu wengine saba, mwongozaji akiwa mmoja wao. Nao walikuwa watu wa matembezi ya siku moja. Maji ya korongo huletwa na mvua iliyonyesha kwingine, kwa hiyo anayetazama wingu la juu ya kichwa chake peke yake hajatazama kitu. Swali la hali ya hewa huulizwa wenyeji wa mahali unapokwenda, asubuhi ya siku yenyewe.

Ya tatu ni baridi, ambayo watu wa nyanda za juu tunaidharau kwa sababu tumezaliwa nayo. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kilele cha Rungwe kinakaribia mita 3,000, yaani takriban mita 1,400 juu ya mji wa Iringa: toa nyuzi tisa, halafu ongeza upepo na nguo mbichi. Mwili unaohitaji nyuzi 37 ukishuka chini ya 35 huanza kuharibika kwa mpangilio: kutetemeka, kujikwaa, kuropoka, kisha kutetemeka kukoma. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopa, kwani mwili umekata tamaa ya kujipasha moto. Mwenye dalili hizo avuliwe nguo mbichi, avishwe kavu, afunikwe pamoja na kichwa, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu, asisuguliwe, asiachwe peke yake. Pombe hupanua mishipa ya ngozi. Mnywaji huhisi joto wakati joto lenyewe linamtoka. Na msidanganywe na misuli. Aliyepatwa alikuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekwenda mbio, akatoka jasho, akasimama kwenye upepo. Mama aliyetembea polepole na sweta lake hakuwahi kulowa.

Ya nne ni idadi ya waongozaji. Kundi la watu kumi na wanne lina kichwa na lina mkia, na mtu mmoja hawezi kuwa kotekote. Wawili ndio wachache kabisa: mmoja mbele anayepunguza mwendo, mmoja nyuma ambaye hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa nyuma yake. Gharama ya mwongozaji wa pili ingeweza kutoka kwenye fulana.

Ya tano ndiyo kubwa, na ndiyo iliyozibeba zote: hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema basi. Mwongozaji alijua, hakuwa na sauti. Mwenyekiti alikuwa na sauti, hakujua. Wanachama walikuwa na mchango wao ndani ya safari, na mchango hufanya kugeuka kuonekane kama kudhulumiwa. Heshima kwa mkubwa ni hazina yetu, lakini mlimani ikiachwa bila utaratibu humziba mdomo mtu pekee anayeijua njia.

Iringa haihitaji kuazima mfano wa jambo hili. Mwaka 1891, Emil von Zelewski aliongoza kikosi cha Wajerumani kuelekea Uhehe akiwa na bunduki za kisasa na mizinga. Hakutuma wapelelezi kuchunguza njia. Pale Lugalo, tarehe 17 Agosti, Wahehe wa Mkwawa walikuwa wamejilaza vichakani kando ya njia hiyo hiyo, na jeshi lile likasambaratishwa kwa muda mfupi, kamanda wake akiwa miongoni mwa waliokufa. Nguvu alikuwa nazo. Alikosa kusikiliza ardhi anayoikanyaga.

Dawa ya tatizo hili la mamlaka ni rahisi na haigharimu shilingi. Kabla ya kuanza kupanda, mbele ya watu wote, mwenyekiti atamke maneno mawili. La kwanza: "Leo saa yetu ya kugeuka ni saa nane na nusu, popote tutakapokuwa." La pili: "Kuanzia hapa mpaka tutakaporudi barabarani, mwongozaji ndiye mkubwa wetu, akisema tugeuke tumegeuka." Mzee akishatamka hivyo, kijana hatakuwa anambishia mkubwa, atakuwa anatekeleza agizo lake. Heshima imebaki mahali pake, na maarifa yamepata kiti.

Yaliyobaki ni ya mkobani na ya simu. Kila mtu awe na sweta kavu ndani ya mfuko wa nailoni, koti la mvua, tochi yenye betri ya akiba, maji na chakula cha kuzidi siku moja. Kundi liwe na chupa ya chai na blanketi. Mtu aliyebaki chini awe na majina yote, njia mnayopita na saa mnayotarajiwa, pamoja na ruhusa ya kugonga mlango wa mtu saa hiyo ikipita. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo vibali vishughulikiwe jana yake. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini ndani ya msitu mtandao hukatika. Mkombozi wenu wa kwanza ni kijiji, na kijiji huja kikijulishwa.

Na wanaotaka kujipima, waache kuridhika na Gangilonga, ambalo ni jiwe la matembezi ya jioni. Mlima Loleza, juu kabisa ya jiji la Mbeya, una mita 2,656 na mpando wa kutosha kumwonyesha kila mtu mwendo wake halisi. Kundi lipimwe kwa mwendo wa aliye wa mwisho, na ratiba iandikwe upya kwa mwendo huo.

Enyi wenye vikoba, kwaya, ofisi na vikundi vya waliosoma pamoja: pangeni saa ya kugeuka mkiwa bondeni, wakati akili ina joto na hakuna kilele kinachowaita. Kwa anayetoka Iringa, Rungwe ni safari ya siku mbili, na kupanda ni siku ya pili. Asiye na siku mbili asubiri mpaka azipate.